Rangi Isiyopitisha Maji

Mtaani kwetu Kichangani watu walimwita Mwoshaji, lakini si mbele yake. Mbele yake alikuwa Bibi, na ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku anakutazama vidole. Si uso, vidole. Nilidhani ni mambo ya uzee mpaka aliponiambia mwenyewe: "Uso unadanganya, mwanangu. Vidole vinasema umefua nini, umemenya nini, na una haraka kiasi gani." Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, kwetu na mitaa ya jirani, na sidhani kama palikuwa na nyumba ya Kiislamu pale ambayo hakuwahi kuingia na ndoo yake ya bluu.

Mimi kazi yangu ni kupaka rangi za kucha. Nina kibanda cha mbao, meza moja, taa ya kukaushia jeli, na benchi la wateja wanaosubiri. Bibi alikaa kwenye benchi hilo karibu kila siku baada ya adhuhuri, bila kupakwa wala kusubiri chochote. Msitegemee nianze na alizaliwa lini na ukoo gani, hayo yana wenyewe. Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na ni afadhali niseme sasa wakati bado naona haya, kuliko kungoja mpaka niyatie nakshi.

Ungedhani mtu wa kazi ile angekuwa mkali, wa kukemea rangi na kutisha watu kaburi. Wapi. Yeye ndiye alikuwa anawachagulia wateja wangu rangi. "Huyu mpe damu ya mzee. Huyo usimpe njano, ataonekana ana homa." Wateja walimsikiliza yeye kuliko mimi mwenye kibanda. Siku moja dada mmoja akamchokoza: "Bibi, si mnasema rangi inazuia udhu?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Inazuia. Lakini mimi sikuwekwa hapa kulinda mlango wa pepo. Muda wa sala ukifika utajua mwenyewe pa kuipeleka."

Na tatizo lilikuwa hapo hapo, pa kuipeleka. Rangi ya kawaida msichana anapaka zile siku zake za kutosali, zikiisha anafuta kwa pamba, dakika mbili amemaliza. Jeli siyo. Jeli inakaushwa kwa taa, inashika kama imeota na kucha, wiki tatu iko vilevile. Ndiyo sababu wanaipenda. Ndiyo sababu pia wanahangaika nayo nyumbani, wanaing'oa kwa meno, kwa wembe, kwa ncha ya kisu, na kucha ya Mungu inabanduka nayo. Nimeshapokea vidole ambavyo kucha zake zimebaki laini kama karatasi iliyolowa, mwenyewe hawezi hata kumenya chungwa.

Yeye kucha zake zilikuwa fupi na safi, hina siku za Idi tu. Alikuwa na kiburi kimoja, nacho kilikuwa mikono yake. Kila alipotoka kuosha alipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko, na alikuwa tayari kukunyooshea mkono uushike uone ulivyo laini kwa mtu wa umri ule. "Hii ndiyo mikono ya mwisho watu wanaguswa nayo," alisema. "Ikiwa na magaga itakuwa aibu gani?"

Kwa walio hai hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na ugomvi wa miaka na muuza ndizi wa pale kona, na sababu ya ugomvi wenyewe wote wawili walishaisahau. Msibani angekutoa jikoni kwa kukusukuma na nyonga kama unakata kitunguu vibaya. Alidai chai yake iwe na tangawizi ya kuunguza koo, na asipoipata alinuna mbele ya wafiwa bila aibu. Lakini akishaingia kwenye kile chumba, sauti yake ilibadilika. Jirani yetu mmoja muuza chapati, ambaye alikuwa msaidizi wake wa kumimina maji, aliniambia kwamba Bibi alikuwa anaomba ruhusa kwa maiti. "Mwanangu, nainua mkono wako wa kulia. Mwanangu, nakugeuza." Maji aliyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Nje wanaume wakianza kukohoa kwamba muda wa mazishi unapita, alijibu kwa sauti ya chini tu, "Haraka ni ya waliobaki."

Na mtu huyo huyo hakuweza kuchinja kuku wala kumtazama anayechinjwa. Tulimcheka sana. Akasema, "Mimi nashika waliokwisha kufa. Wanaokufa siwawezi."

Siri za kazi hakutoa. Ungemzunguka vipi, hakutoa. Palikuwa na mama mmoja tajiri ambaye mtaa mzima ulitaka kujua kama kweli alikuwa na alama za kipigo, na mimi mdomo wangu hauna breki, nikamuuliza. "Niliyoyaona nimeyaosha," akasema, kisha akaomba maji ya kunywa. Wateja wakimrushia ile ya mwosha huoshwa, alikuwa anawacheka: "Najua. Ndiyo maana namwosha kila mtu vizuri, nisije nikalipizwa."

Sasa naja kwenye langu.

Siku hiyo alikuja hakukaa. Alisimama mlangoni, ndoo mkononi, akaniambia, "Zai, nifundishe kuitoa hii ya taa." Wiki hiyo alikuwa amemwosha mwanamke mwenye jeli vidole vyote kumi, na ilimchukua muda mrefu kuliko josho lenyewe. "Siwezi kumpeleka mtu kwa Mola wake na maji hayajagusa kucha. Na siwezi kumkwangua kama sufuria lenye ukoko. Nifundishe. Wasichana wote siku hizi wamepaka, na kufa hakuchagui."

Benchi lilikuwa limejaa. Wote masikio wima. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafikiria biashara. Kwa sababu ukweli wa kazi yetu ni huu: kupaka kunamleta mteja, kutoa ndiko kunakomrudisha. Akishajua kuitoa mwenyewe nyumbani, siku ya pili atanunua na taa yake. Nilikuwa nimeshapoteza wateja wawili hivyo. Basi nikamfundisha Bibi nusu.

Nilimwambia alowanishe pamba kwa asetoni, akate kipande kinachotosha kucha tu, akiweke, afunge kidole kwa foili, asubiri robo saa. Nikamwambia asiiweke karibu na jiko maana inashika moto, na afungue dirisha. Yote hayo ni kweli. Nilichoacha ni cha kwanza kabisa: kabla ya pamba unapiga msasa. Jeli ina tabaka la juu linalong'aa, gumu kama kioo. Usipolisugua taratibu mpaka mng'ao wote ufifie, asetoni inateleza juu yake kama maji kwenye jani la gimbi. Unaweza kufunga foili mchana kutwa.

Aliyarudia maneno yangu kidole kwa kidole kama mtoto wa chuo anayehifadhi sura. Kesho yake akaniletea ndizi kisukari kutoka Matombo, kwa kaka yake, shukrani ya somo. Nilizila. Zilikuwa tamu.

Haikupita miezi mingi, akafariki binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Msichana wa chuo, mchangamfu, aliumwa siku mbili tu. Nilikuwa nimempaka Jumamosi iliyotangulia, jeli nyeupe ya maziwa. Bibi ndiye aliyemchagulia, alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. "Mpe hiyo, ina baraka," alisema.

Mchana ule nilikuwa na bibi harusi, mkono wake uko ndani ya taa, na wanne wengine wanasubiri. Simu ikaita, namba ya muuza chapati. Alikuwa Bibi.

"Zai, haitoki."

"Umefunga foili, Bibi?"

"Nimefunga. Nimesubiri kama ulivyosema. Nimefungua, nimefunga tena. Haitoki, mwanangu. Maji yanapoa. Mama yake amesimama hapa."

Nilijua palepale. Sikuhitaji hata kufikiri. Neno moja lingetosha: msasa. Msibani hapakuwa mbali, ningetuma hata mtoto aupeleke. Lakini wale wanne walikuwa wananitazama mdomoni, na bibi harusi naye, na nikaona nikisema wataijua wote. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, "Kwangua tu, Bibi. Hasikii."

Nikasikia sauti za wanawake wanaosoma Yasini kwa mbali. Kisha akasema, "Haya," akakata.

Bibi mwenyewe hakunisimulia kilichotokea, aliyenisimulia ni muuza chapati, na alikuwa analia. Walitafuta wembe. Bibi alikwangua kwa uangalifu wote aliokuwa nao, lakini jeli kavu haijui uangalifu, ikitoka inatoka na tabaka la kucha. Kidole cha tatu mama mtu akaona, akasema, "Mnamuumiza mwanangu." Bibi akasimama. Akaomba radhi kwa maiti, akaomba radhi kwa mama. Akaendelea, kwa sababu hakuona njia nyingine, na mikono ikaanza kumtetemeka, na ikitetemeka wembe hauna adabu. Walipomvisha sanda walivizungushia vile vidole pamba kwanza. Yule mama hakumpa mkono wa kuagana, siku hiyo wala siku ya arobaini.

Baada ya hapo Bibi hakuosha tena. Walipokuja kumwita alitoka mlangoni akasema, "Mikono yangu imekwisha. Tafuteni wenye mikono." Watu wakadhani ni uzee. Mimi alinieleza kwa kirefu kidogo, amekaa kwenye benchi kwa mara ya mwisho kabla ya kuhama: "Ulinifundisha vizuri, Zai. Nilifuata kila kitu. Ni hii mikono, haina tena nguvu ya kushika kitu kikashikika." Alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapo hapo, tukiwa wawili tu. Nikasema, "Pole, Bibi. Umri huo." Halafu akahamia Matombo kwa kaka yake.

Ukaenda mwaka. Nilikuwa namtumia sukari na majani ya chai kwa watu wanaopanda huko, na kila aliyerudi alileta salamu zake na dua. Zile dua ndizo zilizonichoma kuliko kitu chochote. Ningependelea matusi.

Kisha shangazi yangu akafariki. Mwoshaji wa mitaa yetu hayupo, tukasubiri mtu wa kutoka mbali, naye alipofika alikuwa na misiba mingine miwili. Nilisimama mle chumbani kushika shuka. Maji yalikuwa ya baridi. Alimgeuza shangazi bila kumwambia. Si kwamba alikosea sheria, alifanya kila linalotakiwa, na akaenda. Nikawa nafikiria: shangazi yangu alistahili ile mikono, na mimi ndiye niliyeiondoa mtaani. Nikalia, watu wakanibembeleza kwamba ni kazi ya Mungu. Nikashindwa kuwaambia kwamba hii sehemu ni yangu.

Wiki ile ile nikafunga kibanda nikaenda. Ukishapita Mkuyuni barabara inaanza kukukumbusha dhambi zako moja moja, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilimkuta uani kwa kaka yake anachambua pilipili manga kwenye mkeka. Nikampa shikamoo. Akaitikia, macho kwenye vidole vyangu. Nilikuwa na jeli nyekundu, sikukumbuka hata kuitoa.

Nilipanga maneno njia nzima na yote yakapotea. Nikasema tu: "Bibi, haikuwa mikono yako. Mimi nilikuficha. Kuna kupiga msasa kwanza, sikukwambia, nilitaka wateja wasijue. Na uliponipigia simu nilijua, na bado sikukwambia."

Aliendelea kuchambua. Kuku wa kaka yake walikuwa wanazunguka mkeka, akawafukuza kwa ncha ya kanga.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana sikuwa na mbio za mara ya kwanza.

"Ulijua pale kwenye simu?"

"Nilijua, Bibi."

"Nami nilikuwa nimemshika mkono."

"Najua."

Nikafikiri ataniambia niondoke, na ningeondoka. Badala yake akaifuta mikono yake kwa kanga. "Hivyo vitu unavyo?" Nilikuwa navyo kwenye mkoba. "Lete mkono."

Tukakaa pale uani penye hewa, mbali na jiko. Alichukua msasa akaniuliza ni kiasi gani. Nikamwambia, taratibu, upande mmoja, usiende na kurudi, mpaka mng'ao ufe, ukianza kuona kucha yenyewe simama. Akasugua. Akapaka mafuta kidogo kwenye ngozi ya kuzunguka kucha kama nilivyomwambia, ili asetoni isiikaushe. Pamba, foili, kidole kwa kidole. Tukasubiri. Huo ulikuwa muda mrefu kuliko njia nzima ya kutoka mjini.

Akafungua kidole cha kwanza. Jeli ilikuwa imevimba na kuinuka kingo zake. "Isukume kwa kijiti," nikasema, "ikikataa usilazimishe, irudishe kwenye foili dakika tano." Akasukuma. Ikatoka yote, kama ganda la haragwe lililochemka, na chini yake kucha yangu nzima, haina hata mkwaruzo. Akafungua cha pili. Ikatoka. Cha tatu kilikataa, akakifunga tena, akasubiri, kikatoka. Mkono wake haukutetemeka. Sijawahi kushikwa vidole na mtu namna ile, na mimi nashika vidole vya watu kila siku.

Alipomaliza kumi vyote alivipaka mafuta, akavigeuza juu na chini. Kisha akaiweka mikono yake mwenyewe mapajani akaitazama, na machozi yakamtoka.

"Kumbe mizima," akasema. "Mwaka mzima nimeitukana mikono hii."

Niliangalia ile pilipili.

"Mimi nimekusamehe," akasema baadaye, anajifuta. "Hiyo ilikuwa yangu, naweza kuitoa. Ya yule mama si yangu. Nenda ukamwambie. Mwambie mtoto wake hakuoshwa na mtu mzembe. Na lile neno uliloniambia kwenye simu usiliruke."

"Nitaenda, Bibi."

"Nenda mapema."

Alirudi mjini mwezi uliofuata na ndoo yake. Ameshaosha wengi tangu hapo, na kwenye ndoo sasa mna msasa na foili, na wenzake wawili amewafundisha yote. Mimi nami namfundisha kila mteja, aitoe nyumbani kwake salama, dirisha wazi, bila wembe, bila meno. Wengine hawarudi. Wengi wanarudi, ambalo ndilo linaloniuma, kwamba nilichokuwa nakilinda hakikuwa kitu.

Kwa yule mama nimeshafika mara nyingi. Mara ya kwanza nilimkuta kwenye cherehani, akaniuliza nahitaji nini, nikajikuta nimempa kitenge nilichokuwa nimejitanda. Alinipima mabega, kiuno, akaandika. Mikono yake inanuka mafuta ya cherehani. Akasema nina umbo zuri la kushonewa. Nimeshonesha magauni matatu kwake, na kila nikienda kuchukua naambiwa karibu tena mwanangu, nami naitikia ahsante mama, naondoka na mfuko.

Bibi anapita kibandani kila Ijumaa akitoka msikitini. Tukishasalimiana anauliza neno moja tu, "Umeenda?" Namjibu, "Bado, Bibi." Hagombi. Anakunywa chai yake anaondoka. Imekuwa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka nikaanza kulizoea lile swali, karibu nilipende, kwa sababu mtu anayekuuliza bado anategemea jambo kwako.

Ijumaa iliyopita alikuja, akakaa, akanywa chai. Nilikuwa nimeshaandaa jibu langu. Alimaliza kikombe, akajifunga kanga vizuri, akaniaga kwa adabu, kama anavyowaaga wateja. Hakuuliza.